Eliaichi Atasoma Mbele ya Bwana Shauri

Jumatatu, 5 Februari 1945

Eliaichi amerudi kutoka shule mbio, kibuyu cha maji hana. Nikamuuliza maji yako wapi. Akasema, mama, nimechaguliwa. Kuchaguliwa nini? Kusoma. Mwezi ujao shule yetu ya Kwemundo inatimiza miaka ishirini na mitano, Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, atapanda kutoka Same, na Eliaichi ndiye atakayesimama mbele yake asome historia ya shule. Mwisho atoe shukrani kwa serikali.

Nikakaa chini. Mtoto anacheka, mimi nimekaa na mwiko mkononi, makande yanaungua.

Baba yake yuko Same tangu Januari. Sefania na karibu wanaume wote wa huku juu wamekaa kwenye uwanja wa boma, chini ya jua, hawaondoki mpaka Bwana Shauri huyo huyo aifute kodi ya kupimiwa mali. Mtu anaingia kwako, anatazama migomba, anatazama mbuzi, anatazama hata paa, halafu anakuambia wewe umo katika wenye nacho. Ndiyo wamekataa. Na binti wa Sefania ndiye amshukuru.

Nimemrudisha mtoni akachote maji. Nilimsikia njiani anaimba.

Jumatano, 7 Februari

Mwalimu Aminiel alikuja jioni. Akamwamkia mama mkwe wangu, shikamoo mama, naye bibi Eliwaza akajibu marahaba bila kuacha kupembua maharage. Mwalimu alikaa pembeni mwa kigoda kama mtu anayeogopa kukivunja.

Akasema Eliaichi kachaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza baba yake alikuwa katika wanafunzi wa kwanza kabisa wa Kwemundo, inapendeza mtoto wa mwanafunzi wa kwanza asome. Pili, mwaka huu shule ya bweni ya wasichana, ile ya upande wa Moshi, inachukua msichana mmoja tu kutoka huku kwetu. Msimamizi wa shule atakuja pamoja na Bwana Shauri. Akimsikia Eliaichi anavyosoma, basi, hana haja ya kumtafuta mwingine.

Nikamuuliza, na asiposoma?

Akasema atasoma binti wa Melkizedeki. Melkizedeki ndiye mchili, mkubwa wetu wa kijiji aliyewekwa na serikali. Binti yake anasoma kama anatafuna mchanga, hilo hata mwalimu alilisema, kwa maneno ya adabu zaidi.

Nikasema baba mtu yuko Same, mwalimu, unajua yuko Same kwa nini. Akasema anajua. Akatazama mikono yake. Akasema, mama Eliaichi, bweni haliji mara mbili.

Mlango wa ndani ni pazia tu. Chini ya pazia niliona vidole vya miguu vya Eliaichi. Havikutikisika muda wote.

Jumapili, 11 Februari

Baada ya ibada Priska alinishika mkono. Ni jirani, shamba lake na langu yanatenganishwa na mfereji tu, na mume wake yuko Same pamoja na Sefania. Ndiye anayewaongoza wanawake siku hizi. Akinishika mkono najua si salamu.

— Nasikia kwako kuna sherehe.

Nikasema si kwangu, ni ya shule.

— Mwenzangu, niambie tu. Wewe mume wako yuko uwanjani au yuko bomani?

Wenzake wakacheka. Mimi nikacheka pia, sijui kwa nini, mdomo ulicheka peke yake.

Tuliapa wote, na mimi nilikuwepo. Hakuna nyumba itakayoinua mkono kwa jambo la serikali mpaka kodi ifutwe. Nyumba itakayovunja itatengwa: haipewi moto, haisaidiwi kulima, ikipata msiba itazika yenyewe. Nikamwambia Priska shule si serikali, shule ni watoto. Akasema basi Bwana Shauri anakuja kufanya nini, kukariri alfabeti?

Njia nzima nilikuwa natafuta jibu. Nimelipata sasa hivi na halina faida tena.

Jumanne, 13 Februari

Mgongo. Mtoto Asheri anaota meno, hataki kushuka mgongoni. Nimelima naye, nimepika naye, nimefagia naye. Mama mkwe anasema meno ya mtoto hutoka kwa mama. Kweli.

Eliaichi anasoma kwa sauti nyuma ya nyumba, anawasomea mbuzi. “Serikali tukufu na misheni zilipoijenga shule hii, wenyeji waliipokea kwa furaha.” Bibi Eliwaza akaacha kupembua. Akasema, hee, waliipokea? Mimi niliyapokea mawe, kwa kichwa hiki.

Jumatano, 14 Februari

Bibi hajaliacha neno hilo. Leo tumemenya maharage mchana kutwa na yeye anazungumza.

Anasema mzungu wa misheni alikuja akaonyesha mahali kwa fimbo, akaondoka. Serikali ilituma karatasi. Walioijenga ni watu wa Kwemundo kwa msaragambo: pembe inalia alfajiri, kila nyumba inatoa mtu, kazi ya wote inafanywa na wote, kama tunavyozibua mifereji mpaka leo. Mawe yalitoka mtoni. Wanaume walipasua, wanawake walibeba. Udongo wa kuta ulitoka kwenye shimo la chini pale, na shimo likamwangukia mwanamke mmoja, Nakijwa. Walipomtoa alikuwa amekwisha. Alikuwa na mtoto mchanga nyumbani.

Nikamuuliza mtoto yupi. Akasema, huyo huyo anayekushika mkono kanisani.

Sikujua. Miaka yote hii najua Priska alilelewa na shangazi, sikujua ni kwa sababu gani.

Na wanafunzi wa kwanza walikuwa nani? Akasema ni watoto ambao nyumbani hawakuwa na kazi nao. Yatima, mgonjwa wa mguu, na Sefania. Sefania kila akichunga, mbuzi mmoja anapotea. Bibi akasema, nikaona heri huyu apelekwe kwa mwalimu, huko hakuna cha kupotea.

Tulicheka mpaka Asheri akaamka. Halafu nikakumbuka kwamba hata sasa huko Same ni Sefania anayewasomea wenzake matangazo ya serikali, neno kwa neno, na kuwaambia hapa wanatudanganya. Alijifunzia hapo hapo.

Jumapili, 18 Februari

Sijaandika. Nilikuwa Same. Miguu imevimba, nimeiweka kwenye maji ya chumvi ndipo naandika.

Ilikuwa hivi. Priska alikuwa ametuambia tangu mwezi uliopita kwamba pembe ikilia alfajiri, ni zamu ya kilima chetu kushuka na chakula cha wanaume. Alhamisi alfajiri pembe ikalia. Nikaamka, nikajaza chungu makande, nikachukua na unga, Asheri mgongoni, nikamwachia mama mkwe nyumba. Nje wanawake wote wako njiani na vyungu kichwani. Tukaenda. Njia ya Vudee, halafu kushuka, kushuka, halafu tambarare na vumbi.

Kumbe pembe ile aliipuliza Melkizedeki! Alikuwa anaita msaragambo wa shule, watu wakabebe mawe ya kujengea jukwaa la Bwana Shauri. Pembe ni moja, mlio ni mmoja, na kwetu hakuna mtu anayeisikia akauliza ni ya nini. Unatoka. Mchili alibaki uwanjani peke yake na mwalimu, wakatazamana.

Nadhani Priska alijua. Tulipofika penye mteremko wa kwanza nilimwona anatabasamu peke yake.

Same wanaume wamekonda. Wamekaa makundi makundi kwa vijiji, kimya, hata ugomvi hakuna. Sefania ameota ndevu, Asheri alimwogopa akalia. Alikula makande bila kusema, akamaliza, akalamba vidole. Ndipo nikamweleza.

Akaniuliza, mwenyewe anataka? Nikasema anataka mpaka halali.

— Basi.

— Basi nini, baba Eliaichi?

Akasema shule ni yetu. Ila siku hiyo ni yao.

Nikasema nipe neno moja nirudi nalo, asome au asisome. Akachukua kijiti akachora chini, akafuta. Akasema, wewe ndiye uliye nyumbani, wewe unaona.

Nimetembea kutwa na chungu kichwani na mtoto mgongoni kwenda kuambiwa kwamba naona. Sikumjibu vibaya, watu walikuwa wengi. Lakini nilipokuwa namfunga Asheri nilikaza nguo mpaka mtoto akaguna.

Usiku tulilala kwenye baraza la mama mmoja Mwislamu, Saada, anauza uji karibu na stesheni. Hakututoza kitu. Alitazama miguu yetu akasema, nyie wa milimani mnashuka kama mbuzi, mtapanda kama bibi zenu. Na ndivyo tulivyopanda.

Jumatatu, 19 Februari

Melkizedeki amepita nyumba kwa nyumba. Anasema jina la kila mwanamke aliyekwenda Same analo. Bibi Eliwaza akamwambia, mwanangu, tumesikia pembe tukaitika, wewe ulitaka tuiulize kwanza imelala wapi? Akaondoka bila kuaga.

Mawe watabeba watoto. Masomo yamesimama. Eliaichi amerudi mabega yamechubuka na anasema hayaumi.

Alhamisi, 22 Februari

Zamu yangu ya maji ilikuwa leo. Ndiva yetu, bwawa la juu, inajazwa usiku, asubuhi inafunguliwa, kila shamba na siku yake. Nilipanda na jembe mapema nikafungulie. Mfereji wangu mkavu. Maji yanapita pembeni yangu, yanakwenda kwa Priska.

Nikamfuata mzee Gideoni, ndiye anayeshika zamu. Nikamwamkia. Akaitikia akitazama milima.

— Mama Eliaichi, zamu yako imeruka.

Imerukaje, babu? Haijawahi kuruka.

— Nimeambiwa imeruka.

Nani kakuambia?

— Wenye midomo.

Nikasimama pale. Akaona huruma, akashusha sauti. Akasema, mjukuu wangu, mimi ni mzee. Nikifa sitaki kuzikwa na mchili peke yake.

Maharage yangu yamekunja majani. Jioni tumechota mtoni kwa vibuyu, mimi na Eliaichi, tunamwagia mche kwa mche. Ni kama kumnywesha ng’ombe kwa kijiko.

Mtoto hakuuliza kwa nini. Ndilo lililoniumiza. Anajua.

Jumamosi, 24 Februari

Moto ulizimika asubuhi. Nilimtuma Eliaichi kwa jirani akaombe kaa la moto. Akarudi na kigae kitupu, akasema wamesema na wao umezimika. Moshi wao ulikuwa unatoka paani.

Jumapili, 25 Februari

Sikwenda ibadani. Nilisema Asheri ana homa. Hana.

Jumatano, 28 Februari

Usiku sikulala, nilikuwa napanga maneno. Asubuhi nikaenda shuleni. Watoto walikuwa wanapaka kuta udongo mweupe, wamepakana wenyewe mpaka kope. Jukwaa limesimama. Mawe yake mengine ni ya ukuta wa zamani wa jiko la shule, wamelibomoa.

Nikamwambia mwalimu Aminiel, nimekubali asome. Lakini asome shule ilivyojengwa kweli. Weka pembe, weka mawe, weka Nakijwa aliyeangukiwa na udongo. Watu wakisikia hayo hawatasema nyumba yangu imeinama. Priska akisikia jina la mama yake, hata yeye.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunicheka, sina budi kusema hivyo. Akasema historia ile imepitiwa na msimamizi wa shule, haiongezwi neno. Akasema, na mwalimu akibadilisha, kesho shule inaletewa mwalimu mwingine.

Akasema tena, polepole, kama anazungumza na ukuta: Mama Eliaichi, kodi yangu mimi inakatwa kabla sijauona mshahara. Hawaniulizi. Watu wanapita hapa hawanisalimu, na watoto ninaowafundisha ni wa kwao. Mke wangu amerudi kwao Mamba kwa sababu hapa hana wa kuzungumza naye.

Nikamwambia pole, mwalimu. Nilimaanisha.

Nilipokuwa natoka akaniita. Akasema siku ile yeye atasimama nyuma ya wanafunzi, si mbele. Mtoto akiacha karatasi akasema yaliyo kichwani mwake, aliye nyuma atamfanya nini?

Nimerudi na neno hilo na ni zito kuliko jiwe. Akisema yaliyo kichwani, bweni linaweza kumpita. Akisoma ya karatasi, sisi tutaishi hapa na nani? Sefania siku moja atarudi, atalima na nani, atanywa maji ya nani?

Ijumaa, 2 Machi

Nilimweleza bibi Eliwaza aliyosema mwalimu. Nilidhani atashauri. Hakushauri. Alimwita Eliaichi wakae jikoni, akaanza kumtajia. Pembe ilipulizwa na fulani. Jiwe la pembeni lilibebwa na wawili, fulani na fulani. Nakijwa alikuwa mrefu, alikuwa na pengo, alikuwa akiimba akibeba. Mtoto anarudia.

Nikasema, mama, mnamtia mtoto mambo mawili kichwani. Akasema kichwa cha mtoto si chungu, hakijai.

Eliaichi alirudia tu majina, amefumba macho.

Jumatatu, 5 Machi

Maji mtoni yamepungua. Vibuyu kumi na kitu jioni. Sina mikono.

Jumatano, 7 Machi

Gauni. Mwalimu alisema msomaji avae jeupe. Madukani kitambaa cha marekani hakipatikani, vita imekula nguo zote. Nilikuwa nataka kulifua lile la zamani lenye viraka, nikalitazama, nikaanza kulia kwa ajili ya viraka. Upumbavu.

Bibi Eliwaza akaingia ndani akatoka na marekani mpya, imekunjwa, inanuka majani ya mvuje. Ni sanda yake. Aliinunua kabla ya vita, kila mwaka anaianika na kuirudisha. Nikasema hapana, mama. Akasema kata. Nikifa kabla vita haijaisha mnifunike majani ya mgomba, hao wazee wetu walifunikwa nini?

Nikakata. Upande mmoja wa shingo umekwenda kombo. Nimeshona mpaka macho yanaona nyuzi mbili.

Eliaichi alipolijaribu alisimama katikati ya nyumba hakupumua. Nikamwambia pumua, litachanika likikutana na pumzi ya kwanza mbele ya Bwana Shauri. Akacheka. Ana miaka kumi na mitatu na anacheka kama baba yake, kwa pua.

Alhamisi, 8 Machi

Wapagazi wamefika na viti na mahema. Bwana Shauri analala njiani leo, kesho asubuhi yupo. Bendera imetundikwa. Melkizedeki amevaa koti na joto lote hili.

Nilikutana na Priska kwenye mfereji. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kanisani tulikuwa wawili tu. Nikataka kumwambia: bibi anamfundisha mtoto jina la mama yako. Mdomo ulifunguka. Halafu nikafikiri, je, mtoto asipolisema? Nitakuwa nimemuuza mama wa mtu kwa maji ya shamba. Nikamuuliza tu habari za mume wake. Akasema hajambo. Akaniuliza habari za wangu. Nikasema hajambo.

Kila mmoja akapita na jembe lake.

Ijumaa, 9 Machi

Kengele ya kwanza ya shule imelia. Bibi ametangulia na Eliaichi, ameshika mkono wake kama anampeleka kubatizwa. Mimi nimebaki kumfunga Asheri na kuandika haya upesi, maana nikisubiri jioni sitaweza.

Asubuhi nilipokuwa namfunga Eliaichi vifungo nilimuuliza, utasoma ipi? Nilisema polepole, sikutaka ionekane ni amri. Akasema, mama, nikikuambia utaogopa njia nzima. Nikamaliza vifungo. Nikamwambia shingo iko kombo kidogo, simama upande wa kushoto. Sikumwambia kingine. Nilikuwa na mengine mwezi mzima.

Baada tu ya wao kuondoka Priska alikuja. Wanawake wote wako nyuma yake, hata wale wa ng’ambo ya mto, kimya, nguo za ibada. Nikajua wamekuja kunizuia. Sivyo. Akasema wanakwenda wote kwenye sherehe.

— Tutasimama kama watu wazuri. Mtoto wako asome historia yao, hatuna neno. Ila akifika kwenye kushukuru, akitamka tu, sote tunageuka. Bwana Shauri aone migongo. Hatupigi kelele, hatutupi jiwe.

Akanitazama.

— Na wewe, mama Eliaichi. Katikati yetu, mbele. Ukigeuka na sisi, Gideoni kesho anafungua maji yako. Mambo yamekwisha.

Nikasema yule ni mtoto wangu, Priska.

Akasema anajua. Hakusema kwa ubaya. Akasema, ndiyo maana itaonekana.

Nimewaambia wanisubiri nimfunge mtoto. Nimemfunga. Nimemfungua, nimemfunga tena. Eliaichi akitazama kutafuta uso wangu atautafuta mbele hapo hapo nitakaposimama. Kama ataacha karatasi hakuna wa kugeuka. Kama hataacha, basi ni kwa sababu ya bweni, na mimi ndiye niliyemwambia toka akiwa mdogo kwamba asome asome asije akawa kama mimi.

Nikigeuka, hataona hata mgongo wangu. Ataona mgongo wa mdogo wake.

Kengele ya pili hiyo. Watoto wameanza kuimba kule juu. Priska anakohoa mlangoni.

Nimesema nakuja